Mizani ya Pongwe

Lori linapanda bamba, nabana pumzi.
Tarakimu nyekundu zinacheza, zinatulia:
tani hamsini na mbili, kilo mia nne.
Nagonga muhuri. Haule anatia saini
kwa kidole cheusi kuliko wino wangu.
Ametoka Mbinga na makaa ya mawe,
siku nne, pancha mbili,
turubai limetoboka tangu Makambako.

Kazi yangu kupima. Sikuajiriwa kuuliza.
Ila ng'ambo ya barabara, hatua sitini,
nimezihesabu, Bi Mwanakheri anaanika
sare za shule za wajukuu,
na zikikauka anazikung'uta, anazifua tena.
Zamani mche mmoja wa sabuni ulimfikisha Ijumaa.
Sasa ni miwili, na Jumatano anakopa.
Huo mche wa pili niuandike wapi?
Risiti ina safu tano.
Nimetafuta ya sita upande wa nyuma.
Upande wa nyuma ni mweupe.

Mhasibu, Bwana Shekalaghe, alikuja na kalamu za rangi.
Gesi ghali, alisema, umeme unakatika,
makaa ndiyo nafuu.
Akalipigia mstari: nafuu.
Neno lilelile tulilomwombea Mbwana,
mjukuu wa mwisho, usiku ule
kifua kilipopiga filimbi hadi adhana ya alfajiri.
Kiwanda kimepata nafuu.
Mbwana bado.

Na mwaka ule wa vita vya mbali!
Walipopigana tembo, nyasi zikapanda bei.
Malori ya bandarini yalipanga foleni usiku kucha,
Salma akachukua mkopo wa kausha damu,
sufuria kumi, maturubai, wasichana wawili wa kuosha vyombo.
Kisha huko huko mbali mtu akafuta namba, akaandika nyingine.
Asubuhi barabara ilikuwa nyeupe.
Wali ulilala. Deni halikulala.
Hakuna aliyemkosea; ndivyo soko lilivyo, walisema,
kama vile soko halina mlango
wala mwenye kulifagia.

Usinione mwema. Mshahara wangu umo katika vumbi hilo.
Najenga Kange, chumba na sebule,
kwa saruji ya bei ya mfanyakazi.
Na Bi Mwanakheri mwenyewe anapikia mkaa wa kopo,
kopo leo, kopo kesho,
ukijumlisha mwezi umeshinda gesi kwa bei.
Lakini nani ana elfu ishirini na tano kwa mkupuo?
Mtungi aliogawiwa bure mkutanoni
unazuia mlango usipigwe na upepo.

Zamu ya usiku, nyuma ya risiti iliyoharibika, niliandika:

*Napima kinachopita, kisichopita sipimi,*
*Vumbi juani lameta, mizaniye haisemi,*
*Dawa nani ataleta? Kila mtu: siyo mimi,*

Mstari wa nne haukuja.
Nilihesabu kwa vidole, nane kwa nane, haukuja.
Nikaliacha shairi guni,
guni kama hesabu zetu.

Jumapili hakuna malori. Mbwana alivuka barabara
na mpira wake wa makaratasi,
akasimama katikati ya bamba, mikono kiunoni.
"Nipime."
Mizani yetu huruka kwa kilo hamsini hamsini;
chini ya hapo haina macho.
Kliniki walimwandika kumi na tisa.
Nikawasha.
Sifuri.
Akaruka, akatua kwa miguu yote miwili.
Sifuri.
Akakohoa, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati
lililofuliwa mara mbili.
"Nina ngapi?"

Nilitazama tarakimu, nikamtazama yeye.
Nikamwambia, ngoja kidogo,
bado inatafuta.